Kifungu cha Saba

Fundi Baridi alikuwa na miaka arobaini na miwili, mke mmoja, watoto wawili wanaosoma bweni, na masikio yanayoweza kukutajia ugonjwa wa friji kabla hujaufungua mlango wake. Kila penye bucha, duka la dawa au chumba cha kuhifadhia maziwa, jina hilo la Fundi Baridi lilikuwa limeandikwa kwa chaki ukutani, karibu na swichi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha ndoa.

Mwaka ule chuo cha ufundi kilimwita. Mwalimu wa majokofu alikuwa anastaafu, na mkuu wa chuo alisema kazi hiyo haoni wa kumpa mwingine. Ila palikuwa na sharti. Kabla ya kukabidhiwa darasa, Fundi asome kwanza kozi ya ualimu ya mwaka mmoja. Kozi yenyewe ni ya Kiingereza, na ili uingie ufaulu mtihani wa lugha, sehemu mbili, kusoma na kuandika. Huko kwenye kusoma unapewa vifungu vitatu na maswali arobaini, umalize kwa saa moja.

Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha vyuma. Jina la kila skrubu alilijua, na alama zote za hatari zilizobandikwa mgongoni mwa mitambo alizielewa. Lakini mpe sentensi isiyo na chuma ndani yake, anateleza kama aliyekanyaga sabuni. Alinunua kitabu cha mazoezi, akajifungia chumbani Jumapili moja na saa yake ya mkononi, akafanya kifungu cha kwanza hadi cha tatu. Alipata maswali tisa.

Mkewe alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tisa kwa arobaini! Baba watoto, ungefumba macho ukaweka alama ovyo ungepata zaidi."

"Haya, nicheke. Ukimaliza uniambie nifanyeje."

"Nenda kwa mama."

Fundi akakifunga kile kitabu. Heri angeambiwa apande juu ya paa wakati wa mvua akafungue mtambo. Si kwamba mama mkwe alikuwa mkali kwake. Tatizo ni heshima. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa, maneno aliyowahi kumwambia mama mkwe yangeenea kwenye kiganja: shikamoo mama, ahsante mama, nimeshiba mama. Sasa akakae naye meza moja, amwoneshe ujinga wake wazi wazi?

"Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne," mkewe alisema. "Waliokuwa wanafunzi wake leo ni mahakimu. Na tangu baba afariki yuko peke yake mle ndani, anaongea na redio. Nenda."

Akaenda.

Mama mkwe alikaa mitaa miwili kutoka kwao, nyumba ya vyumba vitatu na korido ndefu, na alijivunia kuimudu mwenyewe. Neno la kuhamia kwa bintiye lilikuwa mwiko. Ukiligusa, alinuna siku tatu. Wanafunzi wa zamani walimwita Bi Soma-Tena, na Fundi alielewa sababu ndani ya dakika tano za kwanza.

"Kaa," alisema, akiwa amekwisha kaa yeye, mgongo kwa dirisha na mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. "Tuelewane kwanza. Hapa mezani mimi si mkwe wako, mimi mwalimu. Ukivuka ule mlango, ukwe unarudi. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Sawa, mwalimu."

"Sawa, mwalimu."

"Sasa soma kwa sauti. Kitabu kishike wewe, mwenye mtihani ni wewe. Mimi nasikiliza."

Fundi akasoma. Kilikuwa kifungu cha nne, habari za mwoka mikate mmoja aliyeamka alfajiri kila siku, na sentensi ya tatu ilisema mtu yule alikuwa *hardly* analala. Swali la kwanza likauliza usingizi wa mwoka mikate ulikuwaje. Fundi alifikiri. *Hard* alilijua, ni ngumu, ni bidii.

"Alilala kwa bidii, mwalimu."

Mama mkwe akaisukuma miwani juu ya pua.

"Mtu analalaje kwa bidii?"

"Wapo, mwalimu. Yule shemeji yangu wa mwisho, ukimwamsha ni mpaka umwagie maji."

Shemeji wa mwisho ndiye kitinda mimba wa mama mkwe. Neno lilikwisha kutoka, na halikuwa na njia ya kurudi. Fundi akainamisha kichwa akingoja radi. Alichosikia ni mlio kama wa birika linaloanza kuchemka, kisha mama mkwe akapasuka kicheko, akavua miwani, akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Kweli kabisa! Yule hulala kama analipwa!" Alipotulia akasema, "Basi sikiliza. Neno hili ni mnafiki. Linafanana na bidii kumbe ni kinyume chake. *Hardly* maana yake kwa shida, karibu na hapana. Mwoka mikate wetu hakulala ila kiduchu. Soma tena."

Kuanzia siku hiyo, kila saa kumi na moja jioni, Fundi alinawa grisi mikononi, akavaa shati safi, akaenda kusoma. Mama mkwe alifundisha kama mtu aliyekuwa na kiu ya miaka. Alimfundisha kwamba *however* ni kona: gari lilikuwa linakwenda huku, sasa linageuka, na dereva asiyeiona kona hiyo anaishia mtaroni. Alimfundisha kusoma maswali kwanza, kifungu baadaye. Insha za sehemu ya kuandika alimwachia aziandike nyumbani usiku, katika daftari lake. Na zaidi ya yote alimpigia kelele juu ya kosa moja, la kujibu anachokijua yeye badala ya kilichoandikwa.

Hilo liliwagombanisha kwelikweli. Kifungu cha sita kilihusu historia ya friji. Fundi alipoona neno hilo moyo ulimcheza kwa furaha. Alisoma kwa sauti ya mtu aliye kwake. Kisha akasimama ghafla.

"Mwalimu, huyu anasema uongo."

"Nani?"

"Mwandishi. Anasema friji inatengeneza baridi. Hakuna mtambo duniani unaotengeneza baridi! Friji inatoa joto ndani, inalitupa nje. Baridi ni kile kinachobaki. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua."

"Swali linasemaje?"

"Linauliza, kwa mujibu wa kifungu, friji inafanya nini."

"Basi jibu."

"Inatoa joto."

"Umekosa."

"Mama, siwezi kuandika uongo!"

"Soma tena swali. Kwa mujibu wa nani? Si kwa mujibu wako, wala wa Mungu. Hujaulizwa friji inafanya nini; umeulizwa huyu bwana amesema nini. Msikilize mtu mpaka amalize, hata akikosea. Ukishamwelewa, ndipo ubishe naye." Akagonga meza kwa kidole. "Wanaume wengi hufa hawajajua kufanya hivyo."

Fundi aliandika kwamba friji hutengeneza baridi, uso umekunjamana kama aliyemeza mwarobaini. Lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta anatabasamu. Na usiku mkewe aliposimulia habari ndefu ya ugomvi wake na mkaguzi wa mabasi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata, hadi mke akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Wiki zikaenda, wakirudia kila kifungu mara nyingi, na Jumapili Fundi akijipima tena kwa vile vitatu vya mwanzo. Tisa ikawa kumi na saba, kumi na saba ikawa ishirini na nne. Ili afaulu alihitaji ishirini na sita.

Kulikuwa na mambo madogo ambayo Fundi aliyaona bila kuyatilia maanani. Mama mkwe alimimina chai huku kidole kimeingia ndani kidogo ya ukingo wa kikombe. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa mbili na robo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeishughulikia. Giza likianza kuingia, Fundi ndiye aliyeinuka kuwasha taa. Mama mkwe hakuonekana kuihitaji. Uzee, Fundi alijiambia.

Kisha ikaja Alhamisi ile. Alikuwa ametoka bucha moja kwa moja, mtambo umemsumbua tangu asubuhi, na kichwa kilikuwa kimechoka. Alifika kwa mama mkwe, akasalimu, akatoa kitabu kwenye mkoba wa vifaa, akakiweka mezani mbele yake na kukifunua katikati, kisha akaenda uani kunawa.

Aliporudi alimkuta mama mkwe amevaa miwani, ameinamia kitabu, kiganja kinapita juu ya ukurasa taratibu.

"Kifungu cha saba hiki," alisema. "Kinaonekana kirefu. Haya, anza."

Fundi akatazama mezani. Kile hakikuwa kitabu cha mazoezi. Kilikuwa kitabu cha mwongozo wa kompresa ya friji, kimechafuka mafuta, na ukurasa uliofunuliwa haukuwa na kifungu wala aya. Ulikuwa na mchoro mmoja mkubwa wa pistoni na vali zake.

Alisimama na maji yakimdondoka mikononi. Kwa jicho lolote lenye nuru, hata la mtoto asiyejua a wala be, ule ulikuwa mchoro. Alimtazama mama mkwe, macho yale ya kijivu nyuma ya miwani, yameelekea mahali fulani karibu na kitabu lakini si penyewe. Kidole kwenye kikombe, ile saa ya ukutani na ile taa, vyote vikaja kwa pamoja.

Angefanya nini? Kusema, ni kumvua nguo mkwe wake. Kunyamaza, ni kumdanganya mwalimu wake. Akaketi. Akafunua ukurasa uliofuata, akasoma kilichokuwepo, kwa Kiingereza chake kilekile cha vyuma: kabla ya kufungua kichwa cha silinda, hakikisha presha yote imetolewa, na umeme umezimwa.

Mama mkwe aliinua mkono.

"Hicho si kifungu cha saba."

"Sicho, mwalimu."

"Ni nini?"

"Ni kitabu cha kazini. Nimekosea kitabu. Na ukurasa niliokufunulia ulikuwa na picha tu."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Mama mkwe akavua miwani, akaikunja mguu mmoja, kisha wa pili, akaiweka juu ya meza kama mtu anayekabidhi funguo.

"Umejua leo?"

"Leo ndiyo nimejua. Kuona, nimeona siku nyingi."

"Toa ushahidi. Usinipe makisio."

Fundi akatoa, kimoja baada ya kingine, kama alivyofundishwa, kila jibu na mstari wake. Mama mkwe alisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Tisa kwa kumi," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imelegea. "Moja umeikosa. Hujauliza kwa nini nimeficha."

"Kwa nini umeficha, mama?" Hakusema mwalimu, naye hakusahihishwa.

Akamweleza. Mwaka wa pili sasa tangu ukungu uingie, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Sasa aliona mwanga na vivuli, basi. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, alijua. Dada yake mkubwa aliupata pia. Zamani hizo dada alipasuliwa, na jicho likafa kabisa. Hilo moja. La pili ni kwamba mwanawe akijua tu, kesho yake basi la shule litasimama mlangoni kuhamisha vitanda.

"Na la tatu?" Fundi aliuliza, maana alisikia kwamba lipo.

"La tatu ni vitabu. Nimesoma tangu nina miaka sita, baba. Ulipokuja na hicho kitabu chako, sikuwa nakusaidia wewe peke yako. Nilikuwa nasomewa. Niliogopa ukijua utaniona mgonjwa, uache kuja."

Fundi Baridi hakuwa mtu wa kulia. Alisema mtambo wa bucha ulimrushia gesi machoni mchana, akaenda uani kunawa mara ya pili.

Aliporudi alikuwa amepiga moyo konde. "Mama, mimi siri hii siwezi kuibeba. Mke wangu ananisoma kuliko ninavyosoma hivyo vifungu. Lakini sitasema mimi, utasema wewe. Tukishamwambia, twende kliniki ya macho tukasikilize. Kusikiliza tu. Wewe ndiye uliyenifundisha, msikilize mtu mpaka amalize, ndipo ubishe naye."

"Unanipiga na fimbo yangu mwenyewe."

"Nimefundishwa na mtu hodari."

Mke alipoambiwa Jumamosi, alianza kwa hasira na kuishia kwa kilio. "Kila siku nabeba watoto wa watu arobaini, nawahesabu mmoja mmoja wakipanda na wakishuka," alisema, "na mama yangu mwenyewe sikumwona." Neno la kuhama lilimfika mdomoni, Fundi alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akalimeza.

Kliniki walipokelewa vizuri. Daktari, kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, alisema jicho la kulia lingeweza kufanyiwa upasuaji mwezi uleule. Akawapa karatasi ya maelezo wakasome nyumbani kabla ya kutia saini. Ilikuwa kurasa mbili, Kiingereza kitupu.

Fundi aliichukua karatasi ile kwa uzito ambao hakuwahi kuupa mtihani. Siku mbili alishinda nayo na kamusi karakana, friji za watu zikimngoja. Siku ya tatu akaketi mbele ya mama mkwe na mkewe, akasoma kwa Kiingereza, akieleza kila aya. Jicho litatiwa ganzi. Utakuwa macho, hutalala. Ni nusu saa, pengine pungufu. Wagonjwa wengi huanza kuona vizuri ndani ya siku chache. Hapo akanyamaza, akaruka mstari, akaendelea na habari za dawa ya matone.

"Simama," mama mkwe alisema. "Umeruka kitu."

"Sijaruka, mama."

"Sauti yako imeruka. Ulikuwa unapanda, ghafla uko bondeni. Pale pana kona. Soma kona."

Mke akamtazama. Fundi akairudia sentensi aliyoiruka. "*However*," alisoma. Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache, uono hauongezeki, na kwa wachache sana hupungua.

Mama mkwe alikuwa anapapasa ukingo wa meza.

"Wachache wangapi? Wameandika?"

"Wameandika. Wanaopungukiwa ni mmoja katika mia mbili, au chini ya hapo."

"Zamani za dada yangu hakuna aliyetusomea hiyo," alisema. "Walituambia atapona, basi. Ndiyo maana tulipoanguka, tuliumia." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu, mnioneshe pa kusaini. Na wewe baba, usinirukie mstari tena maisha yako yote."

"Sirudii, mama."

Alipasuliwa Jumanne. Jumatano asubuhi muuguzi alifungua bandeji, binti yake upande huu, mkwe wake upande ule. Mama mkwe alipepesa jicho, likatoa machozi, akapepesa tena. Alimtazama bintiye muda mrefu, akamshika mashavu. Kisha akageukia upande wa pili, akamkagua Fundi kuanzia utosini hadi viatuni.

"Umenenepa," alisema.

Muuguzi ndiye aliyecheka wa kwanza.

Mtihani ulikuja wiki tatu baadaye, katika ukumbi wenye feni mbovu ambayo Fundi, kwa kuisikiliza tu, alijua beringi yake imekwisha. Alijilazimisha kuisahau. Kifungu cha kwanza kilihusu nyuki, cha pili kilihusu barabara za zamani. Cha tatu kilikuwa kigumu, barua za mtu na mkewe waliotengana kwa miaka, na alikisoma kana kwamba kuna mtu amekaa mbele yake amefumba macho anangoja. Alisahau hata kuogopa.

Matokeo yalipotoka, chuo kiliyatuma kwa bahasha. Hakuifungua. Alikwenda nayo kwa mama mkwe saa kumi na moja, mkewe akimfuata nyuma bado amevaa sare ya kazi, akaiweka mezani.

Mama mkwe akaifungua mwenyewe, akasogea dirishani, akasoma kimyakimya. Alisoma polepole kwa makusudi, maana karatasi ile ilikuwa ya kwanza ya maana kuisoma kwa jicho lake mwenyewe kwa miaka miwili, na hakuwa na haraka. Fundi alihesabu vigae vya sakafu.

"Kusoma," alisema mwishowe, "thelathini na moja."

Mke akapiga kigelegele kilichofungua madirisha ya majirani. Fundi alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

"Ngojeni. Kuna kuandika." Akaisogeza karatasi karibu na jicho. "Kuandika umepungukiwa alama mbili. Wanasema unaweza kurudia sehemu hiyo tu, baada ya miezi mitatu. Kozi yenyewe inaanza baada ya minne."

Furaha ikakaa kidogo, kama mgeni asiyejua avue viatu au la. Mama mkwe alinyoosha mkono.

"Lete daftari lako la insha."

"Mama, lile daftari..."

"Lete."

Alilitoa mkobani, safari hii la kweli. Mama mkwe alilifunua, akaligeuza wima, akaligeuza upande. Miezi yote ile alikuwa amesikia sauti tu. Mwandiko wa mkwe wake alikuwa hajawahi kuuona.

"Hii ni insha au mchwa wamepita?"

"Mkono umezoea spana, mama."

"Nimeona hivyo." Alisoma mistari miwili mitatu, midomo ikichezacheza, kisha uso ukalainika. "Hapa umeandika juu ya chumba cha maziwa alfajiri, mitambo inavyoanza kuunguruma mmoja baada ya mwingine. Sarufi imevunjika miguu yote. Lakini naisikia mitambo." Akafunga daftari, akaliweka upande wake wa meza na kulikalia kwa kiwiko. "Hili linabaki hapa. Mwanangu, weka maji ya chai. Wewe baba, sogeza kiti hiki hapa dirishani, penye mwanga. Tunaanza na herufi ndogo."

"Leo leo, mama? Si tungesherehekea kwanza?"

"Mwalimu," alisema mama mkwe, na tayari alikuwa anachonga penseli.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Fundi Baridi, akasogeza kiti.